Mwite Mtoto, Umsikie

Leo nataka kuongea na wewe mzazi. Tafadhali soma hadi mwisho.

Shakespeare aliandika tamthilia inayoitwa King Lear. Iliigizwa mbele ya mfalme wa Uingereza mnamo Desemba 1606. Ndani yake kuna baba wawili.

Wa kwanza ni Mfalme Lear. Amezeeka na anataka kuwagawia mabinti zake watatu nchi. Anawauliza ni nani anayempenda zaidi. Goneril na Regan wanammiminia maneno matamu. Cordelia, kitinda mimba, anakataa mashindano hayo. Anasema anampenda baba yake jinsi inavyompasa mtoto, basi. Lear anakasirika, anamnyima urithi.

Wa pili ni Gloucester, mkuu katika ufalme huo. Ana Edgar, na ana Edmund aliyezaliwa nje ya ndoa. Edmund anaandika barua ya uongo na kudai imetoka kwa Edgar, kwamba anatamani baba aondoke ili wale mali. Gloucester anaamini. Edgar anatoroka kuokoa maisha yake.

Sasa nisikilize vizuri. Gloucester alikuwa ametoka tu kushangaa yale mfalme aliyoyafanya. Saa hiyo hiyo akayarudia nyumbani kwake! Ingekuwa nyumba moja, tungesema ni kiburi cha mfalme. Zikiwa mbili, kila mzazi ajiangalie.

Na unajua yaliyofuata? Wale mabinti waliosifu walimpunguzia Lear askari wake 100, hadi wakamuuliza kama anahitaji hata mmoja. Akatoka usiku kwenye dhoruba. Gloucester akang'olewa macho, baada ya Edmund kumsaliti. Ni nani aliyemshika mkono kipofu huyo? Edgar. Ni nani aliyerudi kumtafuta Lear? Cordelia. Lakini muda ulikuwa umeenda. Cordelia alinyongwa kizuizini, na Lear akafa akimlilia. Gloucester naye alikufa pale Edgar alipomwambia, "Ni mimi."

Mpendwa, sikufundishi nikiwa juu yako. Mimi pia nimekuwa Gloucester.

Nilimpa kijana wangu wa kwanza pesa za mbegu na mbolea. Ndugu yake akaja kuniambia kwa sauti ya upole, "Baba, sitaki kumsema, lakini zile pesa anazinywa." Ile sauti ya upole ndiyo iliyonimaliza. Sikumpigia simu kijana. Sikuenda shambani. Nilinyamaza tu, na nikawaambia wengine wasimtumie kitu. Miezi saba.

Siku moja niliingia duka la pembejeo kwa shughuli zangu. Mwenye duka akaniambia, "Mchungaji, kijana wako ni mwaminifu. Pesa zilipungua, akaongeza zake za kibarua." Nilishikilia kaunta.

Nilienda kwake jioni ile. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, ungenipigia simu."

Ona, Lear alidanganywa na maneno, Gloucester akadanganywa na karatasi, na mimi na sauti ya upole. Lakini sote watatu tulikosa jambo moja: hatukumwita mtoto tukamsikiliza kwa utulivu. Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayetangulia kujieleza huonekana mwenye haki, hadi mwenzake aje amhoji. Mtoto anayekusifu si lazima awe mwongo. Lakini yule asiyejua kuongea vizuri pia ni wako.

Kuna mtoto uliyemhukumu kwa sababu ya maneno ya mwingine? Usingoje mazishi ndipo mpatane. Mpigie leo. Usianze kwa kumshtaki. Mwambie, "Mwanangu, nataka kukusikia."

Baba wa mbinguni, tupe masikio ya kusikia watoto wetu wote, na unyenyekevu wa kuwaomba msamaha. Katika jina la Yesu, amina.

Ukishampigia, andika amina hapa chini.