Betri Kubwa Ilinidanganya

Wasee, nilichoma. Nilidhani betri ya 450mAh itapita ile ya 300 mbali, nikatumia nauli yote ya wiki, Ruiru hadi Thika, kununua nne. Droni yangu bila betri ni gramu 20 hivi. Hiyo betri imeongeza kama nne. Kwa keja mota zinalia, kona ya sofa inanishinda, na nimepata sekunde chache tu.

Kilichonisaidia ni plagi. Nilitoa PH2.0, nikalehemu BT2.0 kwa droni na betri za 300 (waya moja moja, zikigusana ni moto!). Volti haishuki ghafla nikisukuma throto.

Zile 450 ziko kwa droo, volti 3.8. Mnunuzi akuje tuongee.