Moshi wa Pikipiki ya Baba

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako ipo pikipiki ya zamani, ile yenye mlio mkali na moshi wa samawati nyuma yake, maneno haya yanakuhusu. Na kama hunayo, huenda yakakufaa vilevile, maana kosa nitakalolieleza halikuwa la pikipiki. Lilikuwa la mwenye pikipiki, nami ndiye niliyelitenda.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya mwaka 1984. Baba yangu aliitumia kazini kwa miaka mingi alipokuwa bwana mifugo, nami nilizaliwa nikaikuta imeegeshwa barazani. Alipostaafu, na magoti yakaanza kumsumbua, alinikabidhi ufunguo na kuniambia, "Mwanangu, chombo hiki hakifi ghafla. Kwanza hukuonyesha dalili. Kazi yako ni kutazama." Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nilidhani ni maneno ya wazee.

Kabla sijaendelea, yafaa nikueleze tofauti ya injini hii na zile ulizozizoea. Pikipiki nyingi tunazoziona mitaani leo, zikiwamo karibu bodaboda zote, zina injini ya mipigo minne. Oili ya injini hizo hukaa chini, ikazunguka na kurudi, na baada ya muda humwagwa. Injini ya mipigo miwili haiko hivyo. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya chumba cha krenki, ndipo husukumwa juu ukachomwe. Kwa kuwa chumba hicho ni njia ya petroli, hakiwezi kuhifadhi oili. Oili haina budi kuja pamoja na petroli, ilainishe beringi na pistoni, kisha iungue na kutoka kuwa moshi.

Katika pikipiki nyingi za zamani mwendeshaji huchanganya oili mwenyewe ndani ya tangi. Kwa kipimo cha 1 kwa 25, lita 5 za petroli zahitaji mililita 200 za oili. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ilileta pampu ndogo inayovuta oili kutoka tangi lake la pekee, ikaipeleka kwenye injini kwa kadiri mwendeshaji anavyokaza mkono wa mafuta. Pikipiki ya baba ina pampu hiyo, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Mwaka 2019 pikipiki ilianza kutoa moshi mzito. Si ule moshi mwembamba wa asubuhi unaokwisha injini ikipata moto, bali wingu jeupe lililojaa uani. Jirani yetu aliyekuwa ameanika nguo alinijia kwa upole akasema, "Baba, nguo za watoto zanuka gereji." Plagi nayo ilikuwa ikilowa kila wiki. Naifuta, inawaka siku mbili, inalowa tena.

Nilimwuliza fundi mmoja wa kando ya barabara. Bila kushuka kwenye benchi lake alijibu kwamba oili inazidi, nipunguze pampu. Jibu lilikuwa jepesi nami nililipenda. Nilirudi nyumbani, nikalegeza waya wa pampu, moshi ukapungua kidogo. Wiki iliyofuata nikalegeza tena. Nilijiona fundi hodari, tena mtu mwenye kubana matumizi, maana chupa ya oili ilidumu mara mbili ya zamani.

Jumamosi moja tulifunga safari, mimi na mke wangu, kwenda Chalinze kumwamkia baba. Jua lilikuwa kali. Tulipita Mlandizi salama. Tulipovuka mto Ruvu niliona nguvu zinapungua, kana kwamba mtu ameshika breki. Mke wangu aliniambia sikioni, "Mbona yavuta kwa shida?" Badala ya kusimama, niliongeza mafuta. Haikupita hata dakika moja, injini ikakamata. Gurudumu la nyuma likafunga papo hapo, tairi likalia juu ya lami, na pikipiki ikaanza kwenda ubavu. Nyuma yetu lilikuwapo lori.

Kilichotuokoa ni jambo moja alilonifundisha baba nikiwa kijana: uendeshapo injini ya mipigo miwili, vidole viwili visiondoke kwenye klachi. Vidole vilivuta vyenyewe kabla akili haijafahamu. Gurudumu likafunguka, tukateleza hadi kwenye majani ya kando ya barabara, lori likapita likipiga honi. Mke wangu alishuka, akavua kofia yake, akakaa chini bila kusema neno. Tuna watoto wawili, msomaji, na asubuhi ile tulikuwa tumewaacha kwa bibi yao mzaa mama.

Tuliacha injini ipoe zaidi ya nusu saa. Nilipokanyaga kiki taratibu ilizunguka, lakini sikuthubutu kuiwasha. Tuliipakia kwenye pikapu tukafika kwa mzee jioni.

Nilimweleza baba habari yote, na habari ya pampu nikaieleza kama ushujaa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Oili ya giaboksi uliipima lini?" Sikuwa na jibu. Alifungua kizibo, akaingiza kijiti safi. Kilitoka kikavu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kati ya chumba cha krenki na giaboksi, upande wa klachi, ipo sili ya mpira. Kazi yake ni kutenganisha vyumba hivyo viwili. Sili ile ilikuwa imechoka kwa uzee. Kila pistoni ilipopanda, chumba cha krenki kilifyonza oili ya giaboksi, ikaungua pamoja na petroli. Moshi mweupe na plagi yenye kulowa vilitoka huko, wala pampu haikuwa na hatia. Nami kwa kuipunguza pampu niliinyima injini oili yake halali. Siku za mwanzo ile ya wizi kutoka giaboksi iliisaidia kidogo. Ilipokwisha, pistoni ilibaki ikisuguana na silinda kavukavu, juani, na watu wawili mgongoni.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Moshi ulikwita ukautazame. Wewe ukauziba mdomo."

Matengenezo yalikula akiba yetu ya miezi mitatu. Silinda ilichongwa ikaongezwa milimita 0.25, ikawekewa pistoni na ringi za kipimo hicho, na sili zote mbili za krenki zikabadilishwa. Waya wa pampu ulirudishwa kwenye alama yake ya kiwandani, hewa ikatolewa ndani ya bomba la oili, na kwa kilomita 500 za mwanzo niliendesha kama mtu abebaye mayai.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, nao si mgumu. Pikipiki ikikataa kuwaka, naanza na petroli: je, inafika kwenye kabureta? Mara nyingine kosa ni tundu dogo tu la kifuniko cha tangi lililozibwa na vumbi, hewa haiingii, petroli haishuki. Kisha naangalia cheche. Mwisho naangalia kama injini bado ina mgandamizo wa kutosha ninapokanyaga kiki. Kwa mpango huo sinunui kitu kabla sijajua kilichoharibika.

Plagi naifungua mara kwa mara, maana ni kama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kulowa, petroli au oili imezidi, au sili imepasuka, au chujio la hewa limejaa uchafu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, usiondoke hapo ulipo, kwani injini yapata joto kupita kiasi. Huenda inavuta hewa mahali pasipofaa, ama jeti ya kabureta imeziba. Nguvu zikipungua polepole kwa miezi mingi, natazama bomba la moshi. Injini hizi huacha masizi mengi, na bomba lililoziba huikaba injini isipumue. Na oili ya giaboksi naipima kila baada ya wiki mbili. Ikipungua bila kuvuja chini, najua inaungua.

Lakini somo kubwa kwangu halikuwa la spana. Kazini kwetu gazetini tulifundishwa kwamba habari haiandikwi kwa kauli ya mtu mmoja. Kila siku namwuliza mwenzangu kijana, "Nani mwingine umemwuliza?" Hata hivyo jambo lililogusa roho ya mke wangu na yangu nililikubali kwa kauli ya mtu mmoja, tena ambaye hakuinuka kuitazama pikipiki. Nililikubali kwa sababu lilikuwa rahisi na lilipunguza gharama. Simlaumu fundi yule. Yeye alisema neno moja. Aliyelegeza waya mara ya pili bila kuulizwa ni mimi.

Dalili moja yaweza kuwa na vyanzo vitatu. Moshi, homa ya mtoto, mwanafunzi aliyeshuka ghafla darasani, kila kimoja chataka kuulizwa zaidi ya mara moja. Ukiwahi kuiondoa dalili kabla hujajua chanzo, huenda umemfukuza mjumbe ukabaki na msiba.

Mke wangu alikataa kupanda pikipiki ile kwa miezi sita, nami sikumlazimisha. Siku aliyokubali tena, alitoka nje akiwa na kitambaa mkononi, akaniambia nisogee. Akafungua kizibo cha giaboksi, akaingiza kijiti, akakitazama juani, akakirudisha. Ndipo akavaa kofia yake. Hata leo hatuondoki nyumbani mpaka awe amekitazama kijiti kile kwa macho yake mwenyewe.