Neno Kinga Barazani Amu

Waama, kutafsiri ni kubeba amana. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Amu, aliutambua ukweli huu akiwa likizoni, tena si darasani bali barazani kwa shangazi yake. Mama huyo alikuwa akitibiwa saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alivuka kwa boti hadi Mokowe, kisha akapanda basi kwenda Mombasa kutiwa dawa.

Siku hiyo kijana alikuwa na bishara. Alikuwa amesoma, kwa Kiingereza, kuhusu dawa za saratani zinazoundwa kwa vipimo vya nanomita, yaani mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Alikwisha kuipekua Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003, akajiona yu tayari. Akatamka kwa ufasaha: "Shangazi, saratani huihadaa kinga ya mwili ikalala. Dawa hizi huiamsha kinga hiyo."

Shangazi akanyamaza. Akauvuta mtandio wake, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kwani mimi nna ukimwi?"

Hapo ndipo kijana alipong'amua kosa lake. Neno kinga halikuwa na ila kamusini. Lakini kwa miongo kadhaa watu wamelisikia zaidi ndani ya jina la maradhi, Ukosefu wa Kinga Mwilini. Istilahi sahihi ilikuwa imejeruhi kabla ya kueleza.

Akaanza upya, akimkumbusha Ngome ya Amu na askari wake wa zamani. Mwili nao, alisema, una walinzi ambao kazi yao ni kumeza kila kilicho kigeni. Uvimbe huwarubuni baadhi yao, wakaacha kuulinda mji, wakamlinda adui. Watafiti wameona kwamba walinzi hao hao humeza upesi chembe za nano. Ndipo wakaazimia kuzipakia dawa ya kuwarejesha kazini. Udogo wa chembe hizo ndio siri, kama mashua ndogo ipitavyo Mkanda maji yakipwa, ilhali jahazi lililosheheni lingekwama.

"Kumbe ni askari waliohongwa!" Shangazi akacheka. Kisha akauliza swali zito zaidi: "Na dawa hiyo iko Mombasa?"

Kijana alitamani kusema iko. Lakini amana ni amana. Alimweleza kwamba dawa ya kwanza ya saratani ya aina ya nano iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, nayo hubeba sumu ya kuziua seli za uvimbe. Zile za kuwarejesha walinzi nyingi zingali maabarani na katika majaribio. Asiikatize tiba aliyo nayo kwa kuzingoja.

"Basi keshokutwa nitavuka Mokowe kama kawaida," akajibu. "Nawe utanisindikiza."

Wanaisimu huhimizwa kuunda istilahi. Ni wajibu wao pia kuzisikiliza zinapotamkwa mbele ya mgonjwa. Katika safari ile kijana hakufungua kamusi. Alimsikiliza shangazi yake akiwasimulia abiria wenziwe habari za askari waliohongwa, wala hapana aliyeshtuka.