Doa la Manjano na Jua la Februari

Kanzu ilirudi kutoka kwa dobi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, imepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama karatasi, na kwenye kifungo cha shingo pamebanwa kikaratasi cha kijani. Kikaratasi kilieleza kwa adabu kwamba doa limeshughulikiwa kwa njia zote za kitaalamu, kwamba kuendelea kulihangaikia kungeharibu kitambaa, na kwamba wenye duka wanaomba radhi. Yuro 14 zilikuwa zimeshalipwa. Doa lilikuwa palepale kifuani, upana wa kiganja cha mtoto, rangi ya kiini cha yai.

Mwenye kanzu ni mume. Aliyekasirika ni mke, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa Stuttgart. Kanzu yenyewe ni ya darizi ya mkono, ilivaliwa kwenye nikahi ya rafiki yao, na mchuzi wa samaki wa nazi uliingia kifuani pale mtoto wa jirani alipoparamia mapajani sahani ikiwa njiani. Ajali kama hiyo haina wa kulaumiwa. Kilichomchoma ni yale maneno mawili, "njia zote".

Akairudisha dukani. Akauliza kama iliwahi kuanikwa juani. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, akamjibu kwamba hakuna haja, wana mashine ya kukaushia.

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa tabia za manjano. Doa likiguswa na sabuni hugeuka jekundu kama damu, na mtoto anayefua kwa mara ya kwanza hukimbilia kwa mama akidhani ameharibu nguo. Ukilikamulia ndimu, linarudi njano. Ukilisugua mpaka vidole vichubuke, linakutazama tu. Ukiianika nguo juani ikiwa bado mbichi, adhuhuri unaanua na doa limekwenda zake. Kila nyumba inalijua hili, na ni nadra mtu kueleza kwa nini.

Sababu imo kwenye rangi yenyewe. Kinachoifanya manjano iwe ya njano huitwa kurkumini, nayo hubadilika ikikutana na ukali wa sabuni, ikarudi ilivyokuwa ikikutana na uchachu wa ndimu. Udhaifu wake mkubwa ni mwanga: ukiipiga, huivunja vipandevipande visivyo na rangi. Ndiyo maana mafundi wa kutia nguo rangi huihesabu manjano kuwa rangi isiyodumu. Kwenye mchuzi, hata hivyo, kurkumini haiji peke yake. Hubebwa na mafuta ya nazi, kwa hiyo doa moja la mchuzi ni madoa mawili yaliyopandana, na yana zamu zake: mafuta kwanza, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha rangi, kwa jua. Anayeanza na joto kali anayakaza yote mawili. Pasi juu ya doa ambalo halijatoka ni kosa ambalo mama wa Kitanga hamsamehei mtoto wa miaka kumi, na dobi yule alipiga pasi kwa ufundi mkubwa.

Haki yao wapewe lakini. Watu wa sehemu hii ya Ujerumani, Waswabi, usafi wameuwekea taratibu ambazo mgeni huzijua kwa kugongewa mlango. Kwenye majengo mengi kuna kibao kidogo kinachohamishwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ukikikuta kimening'inia kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, na mara nyingi njia ya mbele ya jengo pia. Huiita Kehrwoche, wiki ya kufagia, na mizizi yake hutajwa kuwa kwenye sheria ya mji wa Stuttgart ya mwaka 1492, iliyomtaka kila mtu atoe uchafu wake nje ya mji kila wiki.

Wiki yake ya kwanza, dada huyu aliosha ngazi kama inavyooshwa sakafu ya kwao. Ndoo mbili za maji zikamwagwa, sabuni, fagio, kisha maji yakasukumwa kwa nguvu mpaka nje. Kwao ni sakafu ya saruji na mlango unaotazama uani. Hapa ni ngazi za mbao, ghorofa ya tatu. Maji yalishuka, yakapita milango ya watu, yakamfikia bibi wa ghorofa ya chini, mwenye miaka zaidi ya themanini, aliyefungua mlango na kusimama akiwa na viatu vya ndani vilivyolowa. Hakugomba. Alipanda juu na tambara, akaonyesha linavyokamuliwa mpaka lisidondoshe hata tone, wakafuta pamoja mpaka chini. Huo ndio mwanzo wa urafiki ambao umefanya mambo mengi, na mojawapo linakuja.

Kitu kingine cha kuwasifia ni boksi la sabuni ya unga. Ubavuni pana jedwali la kipimo, na kipimo hakifuati uchafu peke yake bali na ugumu wa maji: laini, ya wastani, magumu. Maji yaliyo chini ya nyuzi 8.4 za kipimo chao ni laini, yakizidi 14 ni magumu, na kampuni ya maji inawajibika kukueleza ya kwako ni yapi. Sasa fikiria pwani yetu. Visima vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu. Sabuni ya mche inafikichwa na kufikichwa, povu linakataa, juu ya beseni unaganda utando wa kijivu, na lawama zinaangukia sabuni, au muuza duka, au mtoto anayefua. Kumbe ni chokaa ya kwenye maji inayoishika sabuni kabla haijaufikia uchafu. Jedwali dogo kama lile kwenye paketi za kwetu lingeokoa sabuni nyingi na makofi kadhaa.

Tena kuna jambo ambalo dada huyu aliligundua akiwa amechelewa sana. Sabuni ya unga na sabuni ya maji si kitu kimoja kilichowekwa kwenye vyombo viwili. Ile ya unga ya nguo nyeupe ina dawa inayotoa oksijeni, nayo ndiyo inayong'arisha. Ya maji kwa kawaida haina. Persil, iliyotoka Düsseldorf mwaka 1907, ilipata hata jina lake kutokana na perborati, dawa ya aina hiyo, na silikati. Miaka sita baadaye, 1913, Otto Röhm wa Darmstadt alisajili hati ya ubunifu wa kufulia kwa vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho za wanyama, yaani kuufanya uchafu umeng'enywe kama chakula tumboni. Nguo nyeupe zenye madoa ya chai na matunda, basi, ni za unga. Za rangi, na kanga hasa, ni za maji. Kwa miaka minane alifua kila kitu kwa ya maji akishangaa mashuka yanavyofifia kuwa ya kijivu.

Lakini duka lao! Rafu nzima ya chupa, kila doa na chupa yake: ya divai, ya majani, ya damu, ya wino, ya jasho. Mtu anafundishwa kununua badala ya kujua. Ya damu haina haja hata ya chupa, ni maji baridi na subira, kwa sababu maji moto huipika damu ndani ya uzi kama yai linavyogandia kwenye sufuria. Kutu ni ndimu na chumvi, kisha jua. Uchachu wa ndimu hukishika chuma na kukitoa. Utomvu wa ndizi mbichi unazuiwa kabla, kwa kupaka mikono mafuta. Mabibo… mabibo hayana dawa, valia nguo iliyokwisha kuchoka.

Simu ya Tanga ilipigwa jioni ya siku ileile aliyoirudisha kanzu dukani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

Akaeleza. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama pasi imeshapita, akavuta pumzi ndefu aliposikia jibu. Kisha akasema kwamba kama haitoki, atie jiki kidogo.

Hapa ndipo nyumbani napo panapokera. Shangazi huyuhuyu, aliyewafundisha wapwa saba kuanika, siku hizi dawa yake ya kwanza ni jiki. Kaniki, jiki. Sinki, jiki. Kitambaa cha meza cha marehemu bibi, ambacho sasa kina matundu kama chujio, jiki. Kwenye kutu jiki huzidisha, kwa kuwa hulikaza doa. Kwenye hariri na sufu hula uzi wenyewe na kuuacha wa njano, na darizi ya kanzu ile ni ya uzi wa hariri. La kutisha zaidi ni tabia ya kuchanganya: jiki na siki, jiki na ndimu, jiki na dawa kali ya choo, kwa imani kwamba mbili ni bora kuliko moja. Jiki ikikutana na kitu kichachu hutoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa juu ya askari waliokuwa kwenye mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Choo cha nyumbani ni chumba kidogo na dirisha lake ni dogo zaidi. Hili lisemwe kwa kila shangazi kwa heshima zote, na lirudiwe.

"Basi ianike," shangazi akasema baada ya kuelezwa habari ya hariri. "Jua si lipo hata huko?"

Februari, Stuttgart. Jua lilikuwepo kama mgeni anayechungulia bila kuingia. Nguo za jengo zima hukaushwa kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye balbu moja na kalenda ukutani, kila mpangaji na siku yake. Kibarazani nje, nguo ingeganda.

Asubuhi yake alishuka kwa bibi wa chini, kanzu mkononi, kuomba ushauri tu. Bibi alikigeuza kitambaa, akanusa, akaingia jikoni na kurudi na kipande cha sabuni cha rangi ya kahawia iliyoelekea kijani, kimepasuka kwa uzee. Gallseife. Ni sabuni iliyochanganywa na nyongo ya ng'ombe.

Nyongo! Kwetu mchinjaji huiondoa kwa uangalifu isije ikapasuka na kuitia nyama uchungu, kisha huitupa. Kazi ya nyongo tumboni lakini ni kuyapasua mafuta yawe matone madogomadogo, na kazi hiyohiyo inaifanya kwenye kola ya shati. Bibi alililowesha doa kwa maji baridi, akalipaka sabuni ile kwa kidole akizungushia kutoka ukingoni kuja katikati, ili lisitanuke. Likageuka jekundu. Bibi alishtuka, dada hakushtuka. Walisubiri dakika kumi wakinywa kahawa, wakasuuza. Mafuta yalitoka. Njano ikabaki, imefifia kidogo, pweke.

Ndipo bibi alipouliza kwa nini asiitandike kwenye nyasi. Utotoni mwake, kijijini, mama yake alitandaza mashuka ya kitani kwenye majani juani na kuyanyunyizia maji kila yalipokauka, yakawa meupe bila dawa. Viwanja vya kazi hiyo vilikuwepo miji mingi, ndiyo maana hadi leo Ujerumani imejaa mitaa iitwayo Bleichstraße, na Frankfurt upo mmoja. Dada alikaa kimya kidogo. Kwao Ngamiani, nguo nyeupe hutandazwa juu ya ukoka vilevile, na hunyunyiziwa maji vilevile. Wanawake hawa wawili walilelewa na mama waliofanya kazi moja, na kijana wa kaunta, mjukuu wa watu haohao, hajawahi kuisikia.

Nje kusingefaa kwa baridi ile, lakini kioo cha dirisha hakizuii kitu hapa, maana mwanga unaoivunja kurkumini zaidi ni ule wa kuonekana, wa buluu na zambarau, na huo hupita kwenye kioo. Kwa hiyo kanzu ilitundikwa ndani, kifua kikitazama nje. Asubuhi dirisha la chumbani, mchana la sebuleni, alasiri la jikoni. Kila ikikauka, ilinyunyiziwa maji. Kazi ambayo Tanga ingemalizwa na jua la asubuhi moja ilichukua siku tano, na mume aliyekuwa akipita pembeni yake alijifunza kutoigusa. Siku ya pili doa lilikuwa rangi ya maziwa ya unga. Siku ya nne lilibaki ukingo tu, mwembamba kama uzi, upande wa darizi.

Ijumaa asubuhi simu ilishikwa mbele ya dirisha. Nje theluji ilikuwa ikishuka taratibu nyuma ya kioo. Shangazi aliomba kamera isogezwe kifuani, kisha kwenye darizi, kisha arudishwe kifuani.

"Anua," akasema. "Na pasi usipitishe mpaka uitazame tena mchana, kwenye mwanga mzuri."