Likizo ya Kuvua Samaki Milimani Mbooni

Wengi wetu tufanyao kazi za ofisini hatupumziki tunapopewa likizo. Siku za kwanza huishia katika karo za shule, za pili katika shauri la mpaka wa shamba, na zilizobaki huliwa na arusi na matanga, hata karani hurudi mezani pake amechoka kuliko alivyoondoka. Mimi nami nilikuwa hivyo kwa miaka kumi. Nilifika kwa baba jioni, nikampa fedha za matumizi, nikamwuliza habari za afya, naye akanijibu, "Mimi mzima, mwanangu." Kesho yake nikaondoka, moyo umetulia.

Mwaka huu niliazimia kufanya jambo jingine. Nilinunua mshipi, ndoana sita na chubwi mjini Kitui, nikafunga safari. Gari lilipita Kwa Vonza, tukavuka mto Athi; nikashuka Masii, nikapanda jingine la kwenda Tawa, na kutoka hapo njia huanza kupanda milima ya Mbooni, na hewa huzidi kuwa baridi. Wazee husimulia ya kwamba Wakamba walikaa Mbooni kabla ya wengine kuvuka Athi na kuijaza nchi ya Kitui. Basi mimi niliyezaliwa Mbooni na kuajiriwa Kitui, kila likizo naifuata njia ya wazee kinyumenyume.

Majirani waliponiona na ufito begani walicheka. Kuvua kwa starehe wengi hudhani ni mambo ya Wazungu, na kweli Wazungu waliyapenda: mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan aliwaleta samaki waitwao trauti kutoka Scotland, akawatia katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Lakini trauti hutaka maji ya baridi yaendayo mbio. Bwawa letu lina perege na kambare, nao hawamwulizi mtu cheo chake wala elimu yake.

Bwawa hilo lilichimbwa miaka ya 1950 na babu yangu na wenzake, kwa majembe na karai. Mabwawa mengi ya rika lake yamekwisha kujaa tope. Letu limepona kwa sababu mashamba yaliyo juu yake yana matuta, na udongo huzuiliwa kabla ya kufika majini. "Bwawa halifi siku moja," baba aliniambia. "Hujaa kidogo kidogo, na wenyewe huona maji tu."

Raha ya mahali pale ni vigumu kuieleza. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji hata jua litoke. Kisha mdiria hushuka kama jiwe, akaibuka na samaki wake kabla wewe hujapata wako. Hakuna faili, hakuna kengele, hakuna mtu asemaye kwamba bwana mkubwa anakutaka. Waliangalia boya lako, nalo halina haraka.

Baba hali samaki. Kwake yeye samaki ni ndugu ya nyoka. Hata hivyo alikuja na kigoda chake, akaketi kando yangu, siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Hatukuzungumza sana. Samaki niliowapata waliliwa na watoto wa kaka yangu, naye alikaa mbali na moshi wa chungu kile.

Siku ya tatu nilimpa baba ufito anishikie, nami nikainama kutafuta nyungunyungu. Nilipoinua kichwa, boya lilikuwa limezama na kuibuka mara mbili. "Vuta, baba!" nikasema. Hakuvuta. Akauliza polepole, "Boya li wapi?"

Boya lile nililikata katika kandambili nyekundu, nalo halikuwa mbali nasi hatua kumi. Nikanyamaza. Baadaye akaniambia kwamba tangu mvua za mwaka jana huona kama mtu aliye ndani ya moshi.

"Mbona hukuniambia, baba? Kila nijapo nakuuliza habari za afya."

Akajibu, "Wewe huuliza na mfuko uko mkononi."

Sikuwa na neno la kusema. Siku zilizobaki za likizo tulizitumia hospitalini. Daktari alisema ni mtoto wa jicho: lenzi ya jicho huingia ukungu kidogo kidogo, na kwa wengi ni kwa sababu ya uzee, lakini waweza kuondolewa kwa kupasuliwa, na lenzi nyingine ikawekwa mahali pake. Jicho moja limekwisha kupasuliwa, na la pili lina tarehe yake.

Jumapili iliyopita nilipanda tena Mbooni, tukaenda bwawani. Nilikuwa nikimweleza habari za ofisi yetu aliponikata maneno: "Boya lako limezama, nawe wazungumza." Nikavuta, lakini nilichelewa, kambare alikwisha kwenda zake na chambo changu.

Ndugu msomaji, si lazima uvue samaki. Lakini likizo ijayo, ufikapo kwenu, weka mfuko chini kwanza, kisha ndipo uulize habari za afya.