Bibi Anagombana na Kitabu

Vijana wenzangu wa mjini huniuliza, huko Kasense unasoma nini? Ukiwa Dar ukitaja Sumbawanga, watu huvuta viti nyuma kidogo. Jina la mji, kama linavyoelezwa mara nyingi, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Wao husikia neno la mwisho tu. Basi leo nawajibu: wiki hii nimesoma vitabu viwili, na kimoja kimegombana na bibi yangu.

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Nilikisoma Jumatatu na Jumanne, blanketi mabegani, maana Julai hapa Ufipa haina mchezo. Tuko juu, takriban mita 1,800, na upepo unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Msafara wa biashara unatoka pwani, unaingia bara, unavuka ziwa. Nikawa nasoma kama mtu anayesubiri wageni, kwa kuwa Ziwa Tanganyika liko upande wetu wa machweo, na misafara ya kweli ya karne ya 19 ilipita Ufipa. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, Kiswahili tukakipata 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Miaka 28! Mtu anazaliwa, anasoma, anaoa.

Cha pili sina chote. Nina kurasa za fotokopi, zimechakaa pembeni, za kitabu cha Roy Willis kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa, There Was a Certain Man, cha mwaka 1978. Jina lake ni kama kusema "Alikuwapo mtu mmoja". Jumatano usiku nilikaa jikoni namsomea bibi, natafsiri papo hapo, yeye anapukuchua mahindi.

"Nani kasema hivyo?"

"Mzungu mmoja, bibi. Alikuja huku miaka ya sitini."

"Alimuuliza nani?"

"Wazee."

"Wazee wa wapi?"

Hapo nilijua hatulali. Nilipofika katikati ya hadithi akainua mkono. Hapa huwa tunaimba, akasema, wimbo uko wapi? Kwenye kurasa zangu hapakuwa na wimbo. Akaweka gunzi chini, akaimba mwenyewe, kwa Kifipa, macho yamefumbwa. Jamani, bibi ana miaka zaidi ya themanini, majina ya wajukuu anayachanganya kila siku, lakini wimbo ule ulitoka mzima kama yai.

Shida ni mimi. Kifipa changu ni cha kusalimia na kuombea chakula. Nikaandika sauti nilivyozisikia, nyuma ya fotokopi hiyo hiyo. Alhamisi nikamwomba arudie, akaimba tofauti, mistari miwili zaidi. Nikamwonyesha karatasi. "Jana nilikuwa na njaa," akanijibu.

Ijumaa nikashuka mjini kwa bodaboda kununua kaunta buku la kurasa nyingi. Na karanga za kuchemsha, za moto, nikazila zote njiani mfukoni mwa koti. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu ya furaha za wiki. Kikohozi cha bibi usiku huo sikukipenda. Nilikisikia kupitia ukuta, nikawa nahesabu hadithi alizowahi kutusimulia tukiwa wadogo. Nilifika kumi na moja, halafu nikaanza kuzichanganya.

Jumamosi asubuhi niliwahi kuamka kuliko yeye. Nikachora mistari, upande mmoja Kifipa, upande mwingine Kiswahili. Jioni akaja jirani, mzee wa rika lake, kuazima jembe. Akasikia wimbo, akasema si hivyo, kwao mtu yule haimbi, analia.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Jembe alilisahau. Jumapili baada ya misa alirudi kulichukua, akakaa tena. Mimi nimeshaacha kuuliza upi ndio wenyewe, nawapa namba. Sasa tuko wa nne, na bibi anasema huyo mzee aliuharibu wa tatu.