Mkono Ukikaza, Usiulazimishe

Mbagala

Mpwa wangu mpendwa,

Macho yanaendelea vizuri, ila daktari anataka nikae kidogo kabla ya kurudi Nyamisati. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na anauliza kama mama yako ameshamaliza kuvuna.

Ama baada ya salamu, nimeyafikiri uliyoniambia kwenye simu: kwamba mkono wa gia umekuwa mzito, kwamba kuingiza rivasi sasa unatumia mikono miwili, na kwamba tajiri amekutaka uendelee hivyo hivyo mpaka sikukuu ipite kwa sababu abiria ni wengi. Simu ilikuwa inakatika, na jambo lenyewe halisemeki kwa haraka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lililo kubwa nalitanguliza: mkono ukikaza, usiulazimishe. Mashine inakupa habari mapema, na wewe unaijibu kwa nguvu za mabega. Kitu kilichogoma kikisukumwa hupinda, kikipinda hukatika, na hakitakuuliza kikatikie wapi. Chaweza kukatika unaingia bandarini kwetu wakati wa bamvua, maji yanakwenda kwa kasi yanakusukuma kutoka nyuma, mbele yako mtumbwi umefungwa na watu wanashusha kaa, wewe unatafuta rivasi na rivasi haipo. Mahali pengine boti ikikosa rivasi huchelewa tu. Kwenye vijito vyetu vya delta ya Rufiji, mikoko huku na mikoko huku, rivasi ndiyo breki yako.

Sasa ielewe njia ambayo amri yako inapita. Mkono ni mmoja lakini kazi ni mbili. Ukiutoa frii, sehemu ya kwanza ya mwendo wake inaingiza gia, na utausikia umekaa. Ukiendelea kuusukuma kutoka hapo ndipo unaongeza moto. Ndani ya boksi, chini ya mkono huo, zimefungwa kebo mbili: moja inakwenda kwenye gia, nyingine kwenye kabureta. Kila kebo ni waya mgumu unaoteleza ndani ya ganda, mfano wa breki ya baiskeli, ila huu wa boti unavuta na kusukuma pia. Kule kwenye mashine, kebo ya gia inashika kijimkono, kijimkono kinasogeza chuma kirefu kinachoteremka hadi kwenye gia boksi, na humo klachi yenye meno inateleza kwenda kung'ata gia ya mbele au ya nyuma. Basi ugumu unaousikia mkononi una makao matatu tu: boksi, kebo, au mashine. Fundi anayekwambia "mashine imekufa" kabla hajayatenganisha matatu hayo anabahatisha kwa fedha za watu.

Kuyatenganisha utaweza mwenyewe. Ngoja maji yapwe, boti ikae juu ya tope, mashine imezimwa. Chomoa ufunguo na klipu ya usalama uvitie mfukoni, maana mtu atashika propela kwa mkono. Fungua kava. Kabla hujagusa kitu, weka alama ya rangi pale kichwa cha kebo kilipoishia kwenye uzi wake, ili ukitaka kurudisha ulipokuta usibahatishe. Kisha ing'oe kebo ya gia kwenye kijimkono chake, rudi kwenye usukani, sukuma mkono. Ukiwa bado mzito, mashine haina kosa. Ukiwa umelainika, ugonjwa uko kwenye mashine: kishike kijimkono kile kwa vidole ukisogeze mbele na nyuma, huku mwenzako anazungusha propela taratibu. Hilo la kuzungusha propela usilisahau. Meno ya klachi yakikutana ncha kwa ncha mashine ikiwa imezimwa, hayataingia hata uyasukume vipi, na hapo ndipo watu wanapopinda vyuma wakidhani ni kutu.

Mashine ikiwa nzima, ifungue kebo na upande wa boksi, ibaki peke yake. Ishike ncha moja uivute na kuisukuma. Kebo nzima hutembea kwa vidole viwili. Ya kwako nadhani itagoma, na nadhani nitakuwa sijakosea nikikwambia utazame pale inapopinda kuingia kwenye mashine. Futa tope kwa kitambaa chenye maji baridi, uikunje kidogo tu, polepole. Kama ganda lina ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa kuna unga wa rangi ya kahawia, umeshaipata. Maji ya chumvi yameingia, waya umeota kutu, kutu imevimba, nafasi ya kuteleza imekwisha.

Hapo utashauriwa kumimina oili chafu au dizeli ndani ya ganda. Usifanye. Mkono utalainika siku chache, tajiri atafurahi, na kutu itaendelea na kazi yake bila wewe kusikia, maana ule uzito uliokuwa unakuonya umeuondoa. Kebo iliyoingia kutu haitibiwi. Hubadilishwa. Na ubadilishe zote mbili, ya gia na ya moto, kwa kuwa zilifungwa siku moja na zimekunywa chumvi ileile. Grisi mahali pake ni kwenye ncha, kwenye pini na kwenye viungo vya nje. Kwenye boksi pia, kama utakuta ya zamani imekauka na kushikana na chumvi.

Kebo mpya nayo huuawa na ufungaji. Usiikunje kona kali ili ipite karibu na tangi la mafuta. Acha mzunguko mpana, na uhakikishe mashine ikikata kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho haiivuti wala kuibana. Wakati wa kurekebisha, weka mkono wa usukani frii, weka kijimkono cha mashine frii, na thibitisha kwa kuzungusha propela: izunguke pande zote mbili bila kukamata. Hapo ndipo unapozungusha kichwa cha kebo kwenye uzi mpaka tundu lake liikute pini lenyewe. Ukilazimika kuvuta ili liingie, bado hujapata. Na uzi ulioingia ndani ya kichwa usipungue milimita 8, kama Yamaha wanavyoandika katika vitabu vyao vya mafundi; ukiwa mfupi kuliko hapo kichwa kinaweza kuchomoka chenyewe. Kaza nati ya kufungia, rudisha kipini kinachozuia kichwa kisitoke kwenye pini. Kipini kilichoisha kisirudi kazini, na msumari si kipini.

Kuna makosa mengine yanayovaa nguo za gia, nawe usidanganyike. Mashine ikigoma kuwaka kabisa, hata sauti ya stata hakuna, kabla ya kulaumu betri usogeze mkono kidogo pale frii huku umeshika ufunguo. Kuna swichi inayokataza mashine isiwake ikiwa ndani ya gia, na kebo ikilegea mkono utaonyesha frii wakati swichi haijakubali. Gia ikiingia kwa kishindo kinachotikisa boti, tazama sailensa, yaani mwendo wa mashine ikiwa frii. Ikiwa juu, au kebo ya moto hairudi hadi mwisho, meno yanagongana kwa kasi ambayo hayakuumbiwa. Ukisikia kakakaka gia inapoingia, ama kebo haifiki mwisho wa safari yake ama wewe unaingiza kwa kusitasita. Gia huingizwa mashine ikiwa chini kabisa, kwa mkono mmoja wa uhakika, na kati ya mbele na nyuma unapumzika frii kwanza.

Na lile la mashine kunguruma juu huku boti haisogei, ambalo lilimfanya mwenzako mmoja afungue gia boksi nzima bure: mara nyingi ni mpira ulio ndani ya propela umeachia baada ya propela kugonga kitu. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi gamba la nje la propela, tembea kidogo na moto, kisha uinue mashine utazame. Mstari ukiwa umeachana, gia yako ni nzima. Siku hizi jihadhari nalo zaidi, kwa sababu tangu mafuriko ya 2024 mafungu ya mchanga mengi si yale tuliyoyazoea, na magogo yanayoshuka na Rufiji hayana ratiba.

Siku kebo ikikukatikia njiani, nanga kwanza. Usianze kufungua kava huku mkondo unakupeleka. Boti ikishatulia, zima, toa kebo iliyokatika. Kama ya moto ni nzima, washa mashine frii, mwenzako aingize gia kwa kukisukuma kile kijimkono, mikono ya shati imekunjwa na vidole mbali na gurudumu linalozunguka juu. Kumbuka kwamba sasa mkono wako wa usukani hauna gia ndani yake: ukiurudisha nyuma kutafuta rivasi utaongeza moto tu na kwenda mbele kwa kasi zaidi. Wengi wanaumia hapo. Kwa hiyo tembea polepole, zima mashine mbali na nchi kavu, umalizie kwa upondo.

Ikiwa ni moto umekwama juu, usihangaike na gia hata kidogo. Vuta kamba ya klipu. Na kamba hiyo naomba uifunge mguuni au kiunoni kila safari, maana nimeona unaining'iniza kwenye usukani. Mei 2013, huko Padstow, Uingereza, familia nzima ilirushwa nje ya boti iendayo kasi. Kamba haikuwa imefungwa mwilini mwa mtu, mashine ikaendelea kuwaka, boti ikawa inazunguka pale pale na kuwapiga waliokuwa majini. Baba na binti yake wa miaka 8 wakafariki, na wengine wakaumia vibaya. Wamarekani tangu Aprili 2021 wameifanya kamba hiyo sharti la sheria kwa boti ndogo ziendazo kasi. Sisi kwetu wapo wanaoiona ni mapambo, na inaniuma kila ninapoiona imening'inia.

Limebaki suala la tajiri. Chombo ni chake, lakini kikishafungua kamba ni chako, na roho zilizomo ni amana kwako. Mwambie kwa adabu, mbele ya shahidi, kwamba boti haina rivasi ya kuaminika na hutabeba watu mpaka kebo zibadilishwe. Usimgombeze, wala usimfiche. Kebo mbili ni ghali, nakubali, ila gia boksi ni ghali zaidi, naye anajua hesabu. Akikataa, abiria wa Mafia wanayo MV Kilindoni ya TEMESA, na wa Salale na Mbwera wanazo boti nyingine. Ukikosa kazi kwa sababu hiyo, njoo kwangu. Nyumba ipo na chakula kipo mpaka upate chombo kingine.

Ukizing'oa kebo usizitupe. Soma namba iliyochapwa kwenye ganda, mara nyingi tarakimu zake za mwisho ndizo urefu wa kebo kwa futi. Ikiwa imefutika, zinyooshe chini na uzipime kutoka ncha hadi ncha, zote mbili, kwa sababu si lazima zilingane. Nitumie vipimo kwa ujumbe pamoja na aina ya boksi. Nitaulizia madukani kabla ya Ijumaa, na nikizipata nitazikabidhi kwa kondakta wa basi la Nyamisati pale Rangi Tatu, asubuhi. Mpigie simu ukamsubiri stendi mwenyewe, usimtume mtoto.

Wasalaam,
Mjomba wako